Swali Nililompelekea Mchungaji

Kibaha,
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Natha,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Kikombe chako cha chai bado kina joto mezani, na kandambili zako ziko mlangoni, moja inatazama huku na nyingine kule, kama ulivyozoea kuziacha tangu utoto. Umekwenda Kisarawe kumuaga bibi yako. Elisha amekwenda Mlandizi kupanga foleni ya sukari, ili kesho usiondoke mikono mitupu. Mimi nimebaki na nyumba. Tangu niolewe, leo ndiyo mara ya kwanza nimefurahi kubaki peke yangu, kwa sababu nina jambo la kukuambia ambalo siwezi kulisema nikitazamwa.

Habari za blanketi na dawa za malaria siziandiki. Nimeshazisema wiki nzima, mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, mama" kabla sijamaliza. Nilikusudia barua hii uisome ukiwa njiani, mbali nami. Unakwenda chuo cha uchungaji. Baada ya miaka michache watu watakujia ofisini, watafunga mlango, watakaa kwenye kiti cha wageni na kukuletea habari za mtu mwingine. Nataka umjue mmoja wa watu hao. Utashangaa ukimjua. Ni mimi.

Lakini niache kwanza nikuambie nilivyo na furaha, maana bila hiyo hutaelewa nilichokuwa naogopa kupoteza.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja baba yako alipofariki. Nilidhani mambo ya moyo kwangu yamekwisha. Ofisi yetu ilipohamishiwa huku Kibaha nikaja na taipu yangu na wewe na masufuria mawili, nikajiambia mimi ni mama tu, na mama anatosha. Kisha akaja Elisha wa mashamba ya kuku, niliyemjua kwa sura tu kwenye kwaya, na taarifa ya ugonjwa, ukurasa mmoja na nusu, akitaka ipigwe chapa. Nikaipiga. Akairudisha, akasema ina kosa. Nikaipiga tena. Akairudisha tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Bwana Kuku, taarifa hii haina kosa lolote."

Akasema, "Najua, dada. Nilikuwa natafuta la kuongeza."

Utanicheka, lakini nilipofika nyumbani siku ile nilijitazama kwenye kioo. Wiki iliyofuata akaniletea mayai tisa kwenye gazeti. Kila yai lilikuwa limeandikwa herufi moja kwa penseli. Nilikaa hapa hapa mezani nikiyapanga na kuyapangua, mtu mzima, niliyemaliza sekondari mwaka ule wa Uhuru, mpaka yakatoa neno "nakupenda." Siku tatu sikuweza kuyapika. Wewe ulilalamika kwamba nyumba ina mayai na tunakula ugali na mchicha. Sasa unajua kwa nini.

Hii ni wiki ya tano tangu tufunge ndoa. Ananichotea maji kabla sijaamka. Akirudi kutoka kazini hapigi hodi, anaita jina langu kutokea barabarani, na majirani wanaitika kwa kunitania. Nikimsikia, mwili mzima unachangamka kama wa msichana. Namshukuru Mungu kila siku. Na kila siku, Natha, ninaiona furaha hii kama kitu nilichokitwaa mkononi mwa mtu mwingine.

Nimekuwa na wivu maisha yangu yote. Hukulijua hilo kwa sababu mtoto haoni wivu wa mama yake, anaona bidii tu. Baba yako alikuwa dereva wa Land Rover ya wilaya. Siku moja alirudi kutoka safari shati lake likinuka udi. Sikumuuliza. Alipolala mchana nikalichukua shati lile nikalitia kwenye moto wa jikoni, nikalikoroga kwa mwiko mpaka likaisha. Ndilo shati pekee alilokuwa nalo la kuvaa kanisani. Mwezi mmoja baadaye nikamtembelea shangazi yako. Alikuwa amejifungua, na chumba chake kilikuwa kimefukizwa udi ule ule. Akaniambia, "Kaka yangu alimpakata mtoto mchana kutwa, hakutaka kumwachia mtu."

Baba yako aliendelea kwenda kanisani na shati la kazi. Hakunigombeza. Mimi nami sikumwomba radhi. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kulisema, na siku hiyo ilichelewa, akafa. Nilipomzika nilidhani nimeuzika na wivu.

Sasa nifike kwa Mwalimu Zakaria.

Wewe unamjua kuliko mimi. Ndiye aliyekufundisha kusoma nota, ndiye aliyekuweka mbele ya kwaya ukiwa na suruali fupi. Lakini hukujua alivyokuwa kwa Elisha. Walitoka bara pamoja wakiwa vijana, baada ya kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa. Mmoja akaingia kwenye kuku, mwingine kwenye useremala. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa chache, wakapewa chumba kimoja, wakakaa humo miaka mingi, wakila kwenye sinia moja na kuimba katika kwaya moja. Elisha aliponichumbia, jambo la kwanza alilofanya si kunipeleka kwao. Alimleta Zakaria nyumbani kwangu ale.

Nilipika wali wa nazi na samaki, na bamia pembeni. Zakaria akaonja, akafumba macho.

"Shemeji, nazi hii umekuna mwenyewe au umemkunisha huyu?"

"Nimekuna mwenyewe."

"Basi afanye haraka aoe. Huyu ukimpa mbuzi ya nazi, anakalia upande wa meno."

"Mara moja tu!" Elisha akapiga kelele. "Mara moja, nilikuwa mgeni wa pwani!"

"Mara moja inatosha. Alikula wali amesimama wiki nzima, shemeji. Nilimwandikia likizo ya ugonjwa, nikashindwa kuandika sehemu inayouma."

Wewe ulicheka mpaka ukapaliwa. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa nikitazama mikono. Zakaria, huku akizungumza, alinyoosha mkono wake kwenye sahani ya Elisha, akaondoa bamia zote, akaweka kichwa cha samaki. Hakuuliza. Elisha hakushukuru. Hakuna aliyeona kwamba kuna jambo limefanyika. Mimi nilikuwa nimependana na Elisha miezi minane, na sikujua kwamba hali bamia.

Usiku ule nililia, kwa sababu ya bamia. Andika hilo kwenye daftari lako la chuo, kama wana somo la upumbavu wa wanawake watu wazima.

Kuanzia siku ile nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mara ngapi Elisha anasema "mimi na Zakaria." Nilisikiliza namna alivyocheka naye na namna alivyocheka nami, nikalinganisha. Jumapili, kwaya ilipoimba, sikufuata wimbo. Nilimtazama Zakaria akiinua mkono na Elisha akivuta pumzi mkono ule ulipoinuka. Ningekuwa na wivu na mwanamke ningejua la kufanya. Ningevaa vizuri zaidi, ningepika vizuri zaidi, ningemsema kwa jirani. Na mwanamume nifanyeje?

Tulipojiandaa kwenda kuandikisha ndoa, Elisha akasema, "Msimamizi wangu ni Zakaria."

Nikamwambia, "Msimamizi ni mtu mwenye ndoa. Ndiye wa kutupatanisha tukigombana. Zakaria atatushauri nini?"

"Atanishauri mimi," akasema. "Ananijua."

Ananijua. Alilisema bila ubaya wowote, huku akitafuta viatu vyake. Nililibeba neno lile wiki nzima. Nilijiona nimesimama madhabahuni katika siku yangu, na upande wa pili wa mume wangu amesimama mtu anayemjua.

Tangazo letu la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani Jumapili mbili. Jumatatu iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa mchungaji. Nataka nikuandikie mazungumzo yale kama yalivyokuwa, kwa sababu siku moja kiti kile kitakuwa chako.

Nikamsalimu, nikauliza, "Mchungaji, msimamizi asiye na ndoa anaruhusiwa?"

"Kwa kawaida hapana, Mama Natha. Ni utaratibu wetu. Nitamwambia Elisha atafute mwingine, wala hatakasirika."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi, mwanangu. Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Hakuna aliyeumia. Nilisimama, nikashukuru, nikafika mlangoni na mkono wangu ukiwa umeshashika kitasa. Kisha nikageuka.

"Mchungaji, na wewe umewahi kumuuliza Mwalimu Zakaria kwa nini hajaoa? Mtu mzima vile, fundi, ana kazi?"

Akavua miwani. "Una maana gani, Mama?"

"Wamelala chumba kimoja miaka yote hiyo. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Mchungaji akanitazama. Alikuwa akingoja niseme kwamba ni mzaha, au niseme zaidi. Nikainamisha macho kama mwanamke mwenye haya anayejua mengi. Kuinama kule kulikuwa ni uongo kuliko neno lolote nililowahi kutamka. Chumba kile kimoja nilikijua. Orodha ya wafanyakazi wanaosubiri nyumba niliipiga chapa mimi mwenyewe, kila mwaka, na majina yao yalikuwemo yote mawili, kila mmoja akiomba chumba chake. Ningeweza kulisema hilo. Nilifunga mlango nikarudi kazini.

Alhamisi baraza la wazee likawaita wote wawili. Yaliyosemwa humo nilisimuliwa na Elisha jioni ile ile, akiwa amekaa kwenye ngazi ya uani, haingii ndani. Wewe hukuambiwa, na kwa kutoambiwa umemchukia mtu asiyestahili. Kwa hiyo soma polepole.

Walimuuliza Elisha kwanza. Akasema, "Zakaria ni ndugu yangu. Hakuna lingine." Wakamwamini, kwa kuwa ndoa yake imeshatangazwa.

Kisha wakamuuliza Zakaria. Angeweza kujibu vile vile na jambo likaisha. Elisha anasema alitazama viganja vyake, halafu akasema: "Sijamgusa mtu, wala mtu hajanigusa. Lakini mmeniuliza kwa nini sijaoa, na mmeniuliza mbele ya msalaba. Sijaoa kwa sababu sijapata kumpenda mwanamke. Nimejaribu. Yupo mtu ninayempenda, na hajui, na sikukusudia ajue. Sasa naona amejua."

Elisha alipofika hapo alishindwa kuendelea. Nilimletea maji.

Mchungaji hakuwa mkali. Alisema kwa upole kwamba kanisa linafundisha ndoa ni ya mume na mke, na kwamba mtu aliye nje ya ndoa, awe nani, anaitwa kujizuia. Ndipo mzee mmoja akauliza, "Basi Mchungaji, si amejizuia? Anatubu nini mtu ambaye hajatenda?"

Mchungaji akajibu, "Anafundisha watoto. Watu wakisikia watasemaje?"

Yule mzee akasema, "Watasikia kwa nani, kama sisi tuliomo humu tutafunga midomo?"

Wengine hawakumuunga mkono. Wakaamua Zakaria atengwe na meza ya Bwana, aache kwaya. Mzee aliyesema maneno yale alikuwa mmoja tu dhidi ya watano, na jina lake ni Mzee Mika.

Ndiyo, mwanangu. Mzee Mika.

Yeye ndiye katibu wa baraza, kwa hiyo ndiye aliyepewa kuiandika karatasi na kuisoma Jumapili. Kwa wengine ilikuwa karatasi ya matangazo tu. Juu lilikuwa tangazo la tatu na la mwisho la ndoa yangu. Chini yake, Zakaria ametengwa kwa amri ya sita. Ndivyo kanisa letu linavyoandika uzinzi siku zote, bila kueleza. Watu wakageuza shingo kutafuta mwanamke ni nani. Walipokosa mwanamke, wakaanza kunong'ona, na kufikia Jumatano mnong'ono ulikuwa umefika mpaka mtaa wa Picha ya Ndege. Zakaria alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakutoka mpaka baraka ya mwisho.

Niseme na hili, ingawa mama hapaswi kumwandikia mwanawe. Nyumba yetu ina mlango wa uani, na Elisha aliujua mlango ule kabla ya tangazo la kwanza. Aliyekuwa amevunja amri ya sita kanisani siku ile alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa kitenge kipya, na jina lake lilisomwa kwa furaha. Hakuna aliyeniuliza. Mafundisho ni yale yale, yana upande wangu na upande wa Zakaria, lakini mimi nilikuwa na mchumba, na mtu mwenye mchumba haulizwi.

Tulitoka mlangoni pamoja siku ile. Mzee Mika alikunyooshea mkono. Ukaitia mikono yako mifukoni, ukasema mbele ya watu wote, "Mkono ulioandika vile sitaki kuushika."

"Sawa, mjukuu wangu," akasema.

Kisha akanitazama. Mchungaji hakuwataja walioleta habari, lakini Mzee Mika alikuwa amepalilia maua ya kanisa Jumatatu ile, na aliniona nikitoka ofisini. Alijua. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Muulize mama yako." Nikarekebisha kilemba changu, nikakwambia, "Twende nyumbani, jua kali." Tangu siku ile unapita upande wa pili wa barabara ukimwona, nami nakuacha upite. Juzi ulisema ukiwa mchungaji, wa kwanza utakayemnyang'anya kiti cha uzee ni yeye. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

Unataka kujua nilijisikiaje Elisha aliponisimulia habari ya baraza? Ningependa kuandika kwamba niliona huruma. Nilifurahi, Natha. Nilijiambia, kumbe sikukosea, kumbe kweli alikuwa anampenda. Halafu furaha ile ikageuka ikaniuma. Mimi nimesema "nampenda Elisha" mbele ya shada la maua, wanawake wakanipigia vigelegele. Zakaria alisema mbele ya wazee sita, na alijua itamgharimu, na alisema hata hivyo. Nilimwonea wivu kwa hilo. Mtu ameporwa kila kitu, na bado mimi namwonea wivu kile kilichobaki.

Kabla ya harusi alileta kitanda. Hakukileta mwenyewe, alikituma kwa mkokoteni, cha mninga, hakina msumari hata mmoja, kila kiungo kimekaa ndani ya mwenzake. Kisha akafunga sanduku lake la vifaa akahamia Soga, ambako anachonga milango karibu na stesheni na hasali popote. Siku ya harusi uliongoza kwaya wewe, sauti ikikukwama, na watu walidhani ni kwa ajili yangu.

Mchungaji alimshauri Elisha asimfuate kwa sasa, kwa ajili ya ndoa yetu. Elisha akaniuliza mimi. "Mke wangu, unaonaje, nimwandikie hata kadi?" Nilikuwa nimelala mkononi mwake, kwenye kitanda kile. Ningeweza kujibu ndiyo. Nikasema, "Tusubiri kwanza, watu wasahau." Akasema, "Haya," na hajaniuliza tena.

Basi ndiye wangu peke yangu. Na sasa sikiliza alivyo wangu. Akioga anaimba. Anaimba zile nyimbo za kwaya, lakini anaimba besi tu, na mahali ambapo sauti ya tatu inapaswa kujibu ananyamaza, anangoja zamu ile ipite, kisha anaendelea. Hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi nasimama jikoni na sufuria mkononi, nasikia ule ukimya, najua ni wa nani. Nimemwondoa Zakaria kwenye meza yangu, na kwenye kwaya, na madhabahuni, na kila asubuhi yumo bafuni kwangu.

Sikuandikii haya ili uyapinge mafundisho ya kanisa. Wala sikuandikii ili uyatetee. Utayasoma mbele ya walimu waliosoma, na mimi nimeishia sekondari na taipu. Ndoa ya mume na mke ninayoikuta kwenye mafundisho ndiyo ninayoishi ndani yake, na naipenda kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Ninachokijua ambacho walimu wako huenda wasikijue ni hiki tu: siku ile sikwenda kwa mchungaji kwa sababu ya mafundisho. Nilikwenda kwa sababu ya bamia. Mafundisho niliyakuta yamekaa pale mezani kwake, yana makali, nikayachukua. Mtu akikujia ofisini na swali lisilokuwa swali, mtazame machoni. Akiinama, mwulize yeye kwanza amekosa nini nyumbani. Mchungaji angeniuliza hivyo, nadhani ningelia, na pengine yangekwisha pale.

Nilipoanza kuandika, nilitaka ujue wewe tu. Nilikuwa na hesabu yangu: Natha atasoma akiwa mbali, atakasirika akiwa mbali, na atakuwa amenisamehe akija likizo. Na Elisha asijue kamwe. Lakini nimefika hapa na mkono umechoka, na naona ninafanya lile lile. Nakupa wewe siri uibebe, ili mimi nibaki na mume. Unakwenda kusomea kutunza siri za watu, na wa kwanza kukutwisha ya uongo awe mama yako? Hapana.

Namsikia. Ameita jina langu kutokea barabarani, na mama wa jirani ameitika kama kawaida yake, "Abee mume wangu!" Watu wanacheka. Nitampa karatasi hizi azisome. Ngoja.

* * *

Natha, ni mimi tena.

Aliingia anacheka, akaniuliza, "Unamwandikia nani kurasa zote hizo, umepata mwingine?" Nikamwambia, "Soma. Usiniangalie mpaka umalize." Akakaa kwenye kiti chako. Alicheka kwenye mayai. Alicheka kwenye mbuzi ya nazi, akajipangusa macho. Halafu akaacha kucheka. Nilimtazama akisoma, ingawa nilimwambia asinitazame mimi. Alipofika pale nilipogeuka mlangoni kwa mchungaji alirudi nyuma akapasoma tena. Alipomaliza alizipanga karatasi, akazigonga mezani zilingane, akaziweka.

Nikasema, "Elisha."

Akasema, "Ulikuwa umeshapata jibu. Mkono ulikuwa kwenye kitasa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukufungua mlango ukatoka?"

Nikazisogeza karatasi kwake tena. Hakuzichukua. Nje kuku walikuwa wanapigana. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za barabara, "Njia ya Soga bado ina maji?"

Nikamwambia wamepita watu jana na baiskeli, haina maji.

Amevaa viatu. Ametia pumzi gurudumu la nyuma. Hakunigusa, wala hakunitukana, wala hakusema atarudi lini. Kesho alfajiri huenda asiwepo kukusindikiza, na ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi. Kesho hiyo hiyo ya Jumapili, baada ya kukuaga, nitakwenda mbele ya baraza lile lile. Nitawaambia nililouliza na kwa nini niliuliza, na nitawaambia habari za mlango wa uani. Kama kuna kutengwa, wakae na karatasi tayari, na safari hii waandike jina sahihi. Zakaria hatarudishiwa yote kwa hilo. Nalijua.

Barua hii usiisome njiani. Nimeibandika kwenye kufuli la sanduku lako, uione ukiingia tu. Ukimaliza kuisoma usinijie mimi kwanza. Mzee Mika hulala mapema siku hizi, lakini jua likizama bado hukaa kibarazani kwake. Nenda ukampe mkono.

Halafu rudi nyumbani, kama utaweza. Chakula kitakuwepo.

Nimesimama dirishani. Elisha ameshapita duka la ushirika, shati lake bado naliona, na kutoka huku nasikia anaanza kuimba. Kifua kinaniuma kwa wivu, mwanangu, kinauma vilevile kama siku ya kwanza. Ningeita sasa, angesikia.

Sijaita.

Mama yako